Mami Wawili kwenye Simu Yangu

Alhamisi, Novemba. Nyeri.

Shajara yangu, mvua imenyesha tangu alfajiri, ile mvua ya kwetu isiyo na haraka, inayokaa kama mgeni aliyekwisha kunywa chai lakini haagi. Mlima hatujauona siku kadhaa sasa. Nimevaa sweta mbili na vidole bado ni baridi, kwa hivyo makosa ya herufi unisamehe.

Moyo wangu leo haueleweki. Nimekasirika, nimecheka, na nimelia kidogo nikiwa nimeinama juu ya cherehani, yote hayo kabla ya chakula cha mchana. Acha nieleze kwa utaratibu, maana nisipoeleza sitapata usingizi.

Binti yangu Gathoni ana miaka kumi na tano. Amemaliza gredi ya tisa juzi, Januari anaingia shule nyingine, na likizo hii ndefu yuko nyumbani. Akiwa nyumbani yuko kwenye simu. Akifagia, simu iko mfukoni ikiimba. Ukimtuma chumvi dukani anakwenda akiangalia chini kama mtu aliyeangusha pete. Ukimwambia jambo anajibu, "Sekunde moja, Mum," na sekunde moja ya Gathoni unaweza kuipikia githeri, mahindi makavu na maharagwe, ikaiva.

Simu yenyewe ni yangu ya zamani. Nilimpa mwaka jana nilipopata hii mpya, kwa sababu ya kazi za shule ambazo walimu hutuma. Ina ufa pembeni ambao niliutia mimi.

Leo asubuhi niliingia jikoni nikakuta maziwa yamefurika hadi yamezima moto wa gesi. Gathoni alikuwa amesimama papo hapo, hatua moja kutoka kwa sufuria, kidole gumba kikipanda na kushuka kwenye kioo. Nyumba nzima ilinuka maziwa yaliyoungua. Nilimwambia maneno makali, mengine hata hayakuhusu maziwa. Alichukua kitambaa, akapangusa jiko pole pole, akaingia chumbani kwake akafunga mlango. Mimi nikatoka kwenda kazini bila chai.

Njiani nikakata shauri. Bweni.

Kuna shule ya bweni ya wasichana upande wa Kirinyaga. Baba yake anaifahamu kwa kuwa yeye hufanya kazi Mwea, kwenye kinu cha mpunga, na huja nyumbani wikendi tu. Simu huko hazivuki lango. Mpango wetu wa tangu mwanzo ulikuwa shule ya kutwa iliyo hapa karibu, aende asubuhi, arudi jioni, tule pamoja mimi na yeye. Lakini leo, nikitembea na maji yakiniingia shingoni, niliuona mpango huo ni wa kijinga. Miaka mitatu bila simu, nikajiambia, na nitarudishiwa mtoto niliyemjua.

Sikutaka kumwambia Gathoni kwanza. Nilitaka kumwambia mama yangu.

Hapa lazima nieleze jambo kwa ninyi mnaonisoma mtandaoni na si wa kwetu. Sisi, msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba, wa pili jina la mama ya mama. Kwa hivyo Wambui, kifungua mimba wangu aliye chuoni Embu, ni mama mkwe wangu. Na Gathoni ni mama yangu. Sisemi kwamba anafanana naye au ananikumbusha yeye. Ni yeye. Ndiyo maana tangu akiwa mchanga namwita Mami. Nikimkaripia mbele ya mama yangu, mama hununa, huniuliza kwani yeye amenikosea nini. Kuna mwaka Gathoni alikataa uji, akiwa bado mdogo wa kubebwa mgongoni, nikamchapa kofi dogo la mkono. Mama yangu alikuwa ametutembelea. Alibeba mkoba wake akarudi Gakindu bila kuaga, na ilibidi nimfuate huko na leso mpya ndipo akanisamehe kupigwa kwake.

Basi kwenye simu yangu nina Mami wawili. Mmoja nimemwandika Mami Gakindu, ndiye mama yangu, anayeishi huko na kahawa yake. Mwingine nimemwandika Mami tu, ndiye mtoto. Mama hapendi kusoma maandishi madogo, kwa hivyo tunatumiana ujumbe wa sauti. Mimi humpa habari nikiwa nashona, naye hunijibu akiwa shambani, nasikia hadi kuku wake wakigombana.

Unaona mambo yanakoelekea.

Nashona mapazia. Kibanda changu kiko nyuma ya soko, na mvua ikinyesha hivi wateja huwa wachache. Nilikaa kwenye cherehani, nikabonyeza Mami, nikaanza kuongea. Niliongea Kikuyu, niliongea kirefu, na niliongea vile mtu huongea na mama yake, bila kujipanga. Nilisema simu imemmaliza Gathoni. Nilisema Januari anaenda bweni na nisisikie mtu akimtetea. Halafu sauti yangu ikanigeuka. Nikasema nimechoka kuishi na mtu ninayempenda hivi na hatuna la kuambiana. Nikasema nina hamu naye, na yuko chumba cha pili.

Nikatuma, nikaweka simu juu ya kitambaa, nikaendelea na upindo.

Zile alama mbili zikageuka buluu upesi. Nikafurahi. Nikadhani mama leo yuko ndani kwa sababu ya mvua.

Jibu lilikawia kidogo. Lilipoingia, kulikuwa na mteja, mwalimu mmoja mstaafu, amekaa kwenye benchi akingoja nimfupishie pazia. Mikono yangu ilikuwa imejaa kitambaa, kwa hivyo nikabonyeza kwa kifundo cha kidole, na sauti ikatoka kubwa, vile huwa naiweka ili nisikie juu ya cherehani.

Ilikuwa sauti ya mama yangu. Ilikuwa na mkwaruzo fulani, nikadhani amepata mafua. Na ilikuwa ikiongea Kiswahili.

Mama yangu hajawahi kuniongelesha Kiswahili maishani mwake.

Kiswahili cha mama ni cha wajukuu. Hukitumia na Gathoni, kwa sababu Kikuyu cha Gathoni ni cha kuokotaokota: kusikia anasikia chote, kusema ndiyo kazi. Na Gathoni huiga hicho Kiswahili cha shosho yake, yaani bibi yake, mpaka mtu anashika mbavu. Hutufanyia jioni za Jumamosi baba yake akiwepo. Kwa hivyo nilijua ni nani kabla hajafika mbali, na nilijua papo hapo nimefanya nini. Ningeweza kuacha kitambaa nikaizima. Sikuizima.

Nitaandika vile alivyosema, akitia r za shosho mahali pa l, na Nyawira ni mimi. Nimesikiliza mara nyingi leo.

"Nyawira. Nyawira, mwana wakwa. Ni mimi mamako. Nimesikia hiyo maneno yako yote mupaka mwisho. Sasa na wewe usikirise, na usinikatise, kwa sababu hii nimerekodi na huwezi kunikatisa.

"Unasema ati simu imemumarisa huyo mutoto. Ni kweri. Hata mimi nimeona. Reo asubuhi amechoma maziwa, na pore sana kwa hiyo maziwa. Rakini nikuurise, mutoto huwa anaiga nani? Wewe ukiamuka, kabra hujaomba Mungu umeshika simu. Ukisonga ugari, simu iko hapo juu ya kabati inakuangaria. Ukienda choo... haya, ya choo nimewacha.

"Huyo mutoto akikuita, unasema 'ati?' Anarudia. Unasema tena 'ati?', na macho iko kwa simu. Ya tatu anakuambia 'hakuna kitu'. Na wewe unaamini ati hakuna kitu."

Hapo nilisikia mvua tu kwenye mabati ya nyumba yetu. Aliporudi, zile r za shosho zilikuwa zimepotea.

"Si eti nakulaumu. Najua ni kazi, najua ni mapazia ya watu. Lakini Mum, mimi hushika yangu ndio nisikae hapo nikikungoja mikono mitupu. Inakuwanga aibu. Mtu akipita akupate umekaa tu hivyo, unangoja kuangaliwa."

Kisha akakohoa, kikohozi cha shosho yake kabisa, akarudi kwenye uzee.

"Haya. Huyo musichana asiperekwe bweni juu ya simu. Kama ni masomo, mumuite, mumuurise. Na ukimupereka, jioni utakura na nani? Bwana yako yuko Mwea. Mutabaki wewe na simu, mukiangariana. Mungu akubariki, mwana wakwa. Ni mimi mamako, Gathoni."

Ikaisha.

Mwalimu mstaafu alikuwa akiitazama mvua kwa bidii sana. Baada ya muda akasimama, akachukua mwavuli wake.

"Mama Wambui," akasema, "hiyo pazia hata kesho ni sawa."

Akaenda zake, Mungu ambariki.

Kusema ukweli, kilichokuja kwanza kilikuwa hasira. Nilijiambia mtoto huyu hana adabu, anaigiza mtu mzima ili apate kunisema. Nikajiambia nikifika nyumbani simu naichukua leo leo, hakuna kungoja Januari. Nilishona upindo mzima nikiwa na hasira hiyo, na upindo ukaenda kombo, nikaufumua.

Nikasikiliza tena. Mara hii nikacheka pale anapotaja choo, siwezi kukataa. Na nilipofika mahali r zinapopotea, nikalia.

Nikampigia mama yangu, yule wa Gakindu. Nikamweleza yote, niliyoyasema na nilivyojibiwa, na nani aliyenijibu. Alicheka mpaka akakosa pumzi.

"Si wewe humwita mama?" akaniuliza. "Sasa amekuwa mama. Na ameongea nawe kwa heshima. Mimi ningekutukana."

Nikamuuliza basi nifanye nini. Akasema kahawa yake imemwagwa kwenye turubai inalowa na hajachambua, na lazima ifike kiwandani leo. Akakata.

Kwa hivyo nikabaki peke yangu na hayo maneno na pazia la mwalimu.

Nilijaribu kujitetea. Mimi simu sichezei, nilijiambia. Wateja wananitumia vipimo vya madirisha humo. Kuna kundi la akina mama wa kanisa, kuna la wazazi wa darasa, kuna la majirani tunaogawana maji, kuna la ukoo, ambalo likitulia siku mbili ujue kuna mtu amefariki na wanatafuta namna ya kusema. Nikinyamaza kwenye kundi la ukoo naulizwa kama nimejiona mkubwa. Yote ni mambo ya maana. Naweza kuyatetea moja moja mbele ya hakimu.

Lakini Gathoni hakusema mambo yangu si ya maana. Alisema nikiyashughulikia yeye yuko hapo.

Nikakumbuka jambo. Alipokuwa anajifunza kutembea, alipenda kuchukua kipande cha sabuni, kukiweka sikioni na kuzunguka uani akisema, "Eeh, nakuja. Eeh, nakuja. Eeh." Mkono mwingine kiunoni, kabisa kama mimi. Majirani waliitwa waje waone. Mimi mwenyewe nilicheka nikampiga picha kwa simu, na hiyo picha nikawatumia watu wote ninaowajua. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza ni nani huyo aliyekuwa akiambiwa "nakuja" na haendewi.

Miezi hii yote nimekuwa nikikiangalia kidole gumba cha Gathoni. Leo nikaangalia changu. Nilikuwa nimeshika simu, hakuna ujumbe mpya, hakuna mteja, na kidole kilikuwa kinapanda na kushuka chenyewe.

Nilifunga kibanda mapema. Mvua ilikuwa imepungua ikawa ule unyevu tu unaokaa kwenye nywele. Nilinunua ndizi mbivu na mafuta ya taa, halafu nikakumbuka kwamba siku hizi hatutumii mafuta ya taa, nikayarudisha. Akili haikuwa nyumbani. Nilikuwa naogopa. Niseme wazi: nilikuwa naogopa mtoto wangu, si kwa ukali wake, bali kwa kuwa alikuwa ameniona, na sikujua atakuwa na uso gani nikiingia.

Alikuwa jikoni akimenya viazi. Amevaa sweta yangu ya kijivu, ile ninayomkataza. Hakuinua macho.

"Umekuja mapema," akasema.

"Mvua," nikasema.

Nikaweka ndizi mezani. Nikavuta kigoda. Yeye akamenya kiazi kimoja hadi kikawa kidogo sana, akakiangalia, akakitia majini.

"Mum, ile kitu ya asubuhi..."

Na simu yangu ikalia.

Ningependa kuandika kwamba sikuishika. Niliishika. Alikuwa mteja wa Giakanja, wana ruracio, sherehe ya mahari, Jumamosi, wakwe wanakuja na nyumba bado haina mapazia ya sebuleni. Nikasimama, nikamgeuzia Gathoni mgongo vile mtu hufanya ili asikie vizuri, nikamhakikishia yule mama kwamba yatakuwa tayari. Niliongea kidogo tu. Nilipogeuka, kisu kilikuwa ndani ya karai la maji, na Gathoni alikuwa na simu mkononi.

Nililiona jambo hilo likitokea mbele ya macho yangu. Haukuwa ujeuri. Uso wake ulikuwa mtulivu, kama mtu aliyefungua mwavuli kwa sababu mvua imeanza.

Nikaizima yangu. Sikuiweka tu kimya, niliizima kabisa, ukasikika ule mlio wake wa kuaga. Gathoni aliangalia simu, akaniangalia mimi, akangoja kuona kama ni ya kweli. Kisha akaigeuza yake kifudifudi juu ya meza.

"Ile sauti haikuwa yako, Mami," nikamwambia. "Nilikuwa namtumia shosho. Nisamehe."

"Si ilikuwa inanisema mimi?" akajibu. "Basi ilikuwa yangu tu."

Nikachukua kisu cha pili, tukamenya wote wawili. Nadhani tulimenya viazi vya watu kumi. Ni rahisi kuongea mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa chini. Nilimuuliza kuhusu bweni, nikamuuliza kwa kweli, si vile mzazi huuliza akiwa ameshaamua.

Alifikiri. "Mkitaka niende nitaenda," akasema. "Lakini nisiende kama mtu amefukuzwa."

"Wewe unataka nini?"

"Nataka kukaa."

"Basi utakaa."

Hivyo tu. Jambo nililolibeba asubuhi yote kama gunia, tulilimaliza juu ya karai la maganda. Baba yake nitamwambia Jumamosi. Nadhani atafurahi, kwa sababu Gathoni akienda bweni hakuna atakayemwigizia shosho.

Tuliongea pia kuhusu simu, sitadanganya kwamba hatukuongea. Nilimwambia na yake pia itapungua, maziwa hayawezi kuungua kila siku. Akakubali, ila akasema nisimsimamie kama askari wa gereza. Nilitaka kumwahidi kwamba mimi nami nitabadilika kabisa, kuanzia leo. Nikayameza hayo maneno. Nimeshamwahidi mambo mengi nikiwa na simu mkononi. Nilimwambia tu kwamba akiniita, nitageuka. Na nisipogeuka aniite Nyawira, kwa sauti ya shosho, hata kama ni mbele ya wateja.

"Hata mbele ya pastor?" akauliza.

"Hata mbele ya pastor."

Alicheka. Sijui mara ya mwisho nilicheka naye lini na hakuna simu inayowaka kati yetu.

Kisha nikamuuliza lile nililotoka nalo kibandani. Nilimuuliza hizo 'hakuna kitu' zilikuwa nini.

Akakusanya maganda yote kwenye lundo moja.

"Zingine nimesahau," akasema. "Zilikuwa tu vitu ndogo ndogo."

Hilo ndilo lililonikata kuliko ujumbe wote. Kama angenilaumu ningejitetea. Kama angelia ningembembeleza. Lakini amesahau. Zilikuja, zikasimama mlangoni, hakuna aliyezikaribisha, zikaenda, na sasa hata mwenyewe hajui zilikokwenda. Na mimi vipimo vya madirisha ya watu ninavikumbuka vyote.

Nadhani aliona uso wangu, maana alinisogezea ndizi.

"Lakini kuna moja nakumbuka," akasema. "Ya mwezi wa tisa. Nilikuita ukiwa unapima pazia ya yule mama wa Kiganjo kwa simu."

"Niambie."

"Ni ya kitambo, Mum."

"Niambie tu."

Akaniambia. Alianza kwa kuruka ruka, akiniangalia kila mara kama mtu anayejaribu barafu... hapana, barafu sisi tunaiona huko juu mlimani tu. Kama mtu anayekanyaga tope akipima kama litamshika. Sikusema hata 'ati'. Viazi tulivyokuwa tumevibandika motoni vilikauka maji, vikaungua chini, tukasikia harufu na hakuna aliyesimama. Tulivila hivyo hivyo baadaye, na vilikuwa na ladha ya moshi, na tukavimaliza.

Sasa yeye yuko pale kwenye kochi, miguu juu, ana simu mkononi. Ndiyo, anayo. Na mimi nimewasha yangu ili niandike haya. Hatujawa malaika kwa jioni moja. Ameniuliza mara mbili naandika nini, na mara zote mbili nimegeuka.

Nimemsomea yote kabla ya kuyaweka hapa. Alisema nimezidisha r za shosho, na kwamba ya choo ningeitoa kwa heshima yangu mwenyewe. Nimekataa. Mengine yote amenikubalia, isipokuwa lile la mwezi wa tisa.

Ninyi mnaonisoma mnanijua. Nimewaandikia humu habari za mgongo wangu, ugomvi wangu na mama mkwe, hata siku niliyolia kanisani na kamasi zikaanguka kwenye kitabu cha nyimbo. Sijawahi kuwaficha jambo.

Hili sitaliandika. Hili alikuwa ameniwekea mimi.